Gari la Vita la Mafarao: Wepesi Wake, Nguvu Zake na Udhaifu Wake

Kaburi la Farao Tutankhamun lilipofunguliwa mwezi wa Novemba mwaka 1922 katika Bonde la Wafalme, ng'ambo ya mji wa Luxor, mwanaakiolojia Howard Carter alikuta katika chumba cha kwanza, upande wa kushoto wa mlango, rundo la magurudumu, nira na mbao zilizopakwa dhahabu. Hayo yalikuwa magari manne ya kukokotwa na farasi. Mengine mawili yalipatikana baadaye katika chumba cha hazina. Hakuna hata moja lililokuwa zima. Mnamo mwaka 1323 K.K. hivi, watu waliopewa kazi ya kumzika mfalme waliona kwamba ujia wa kaburi ni mwembamba mno, basi wakachukua msumeno, wakakata ekseli na kuyaingiza magari vipande vipande.

Msomaji aliyewahi kuona picha za kuta za mahekalu ya Karnak, Abu Simbel au Medinet Habu, hata kama ni katika kitabu cha historia tu, atakumbuka jinsi gari hilo lilivyochorwa. Mfalme amesimama peke yake, hatamu amezifunga kiunoni, upinde ameuvuta hadi sikioni, na chini ya kwato za farasi wake maadui wamelala kama mabua yaliyofyekwa. Picha hizo zimewafanya watu wengi wadhani kwamba gari la vita la Misri lilikuwa mithili ya kifaru cha zama hizi, yaani chombo kizito cha kuvunjia safu za adui kwa kuzigonga. Lakini vyombo vyenyewe, vinapopimwa na kuwekwa mizanini, vinatoa ushahidi mwingine kabisa. Gari zima la Kimisri halikuzidi sana uzito wa baiskeli mbili za kawaida, na wanafunzi wawili wa kidato cha tatu wangeweza kuliinua na kulivusha mfereji. Chombo chepesi namna hiyo kiliwezaje kuwa moyo wa jeshi kwa muda wa karne nne, nacho kilifanya kazi gani hasa vitani?

CHIMBUKO LA GARI

Gari hili halikubuniwa Misri. Mabaki ya kale zaidi ya magari mepesi yenye magurudumu ya spoki yamepatikana katika makaburi ya Sintashta, kusini ya milima ya Ural nchini Urusi, nayo ni ya mnamo mwaka 2000 K.K. Kabla ya hapo watu wa Mesopotamia walikuwa na mikokoteni ya magurudumu manne, lakini gurudumu lao lilikuwa ubao mtupu wa duara, mzito, usiofaa kwa mwendo wa kasi. Spoki ndizo zilizoleta mageuzi, kwa kuwa ziliondoa mbao nyingi bila ya kuondoa nguvu.

Huko Misri gari na farasi viliingia wakati ambapo sehemu ya kaskazini ya nchi ilikuwa chini ya wafalme wenye asili ya Asia walioitwa Wahyksos, ambao makao yao yalikuwa Avaris, katika delta ya Mto Nile, tangu mnamo 1650 K.K. hadi 1550 K.K. Vitabu vya zamani vilisimulia kwamba Wahyksos waliivamia Misri kwa ghafula wakiwa juu ya magari yao, na Wamisri wakashindwa kwa kutojua silaha hiyo. Uchimbaji uliofanywa Tell el-Dab'a, palipokuwa na mji wa Avaris, hauungi mkono hadithi hiyo. Unaonyesha kwamba watu kutoka Asia walikuwa wameishi hapo kwa vizazi kadhaa kabla mmoja wao hajavaa taji. Yaliyo hakika ni kwamba, vita vya kuwafukuza vilipopamba moto, pande zote mbili zilikuwa na farasi. Mwanajeshi mmoja aitwaye Ahmose mwana wa Ebana, ambaye habari za maisha yake zimechongwa katika kaburi lake huko El Kab, anaeleza kwamba alimfuata mfalme kwa miguu wakati mfalme alipokwenda kwa gari lake.

Wamisri walikuwa na majina mawili ya gari hilo. La zamani zaidi ni wereret. La pili, merkebet, walilikopa kwa majirani zao waliosema lugha za Kisemiti, na asili yake ni mzizi wa maneno wenye maana ya kupanda mnyama au chombo. Mzizi huo huo umo katika Kiarabu, na kwa njia ya Kiarabu umefika katika pwani ya Afrika Mashariki: ndio uliozaa neno merikebu. Hivyo merikebu ya Waswahili na gari la vita la Farao ni ndugu wa mbali kwa jina.

UFUNDI WA GURUDUMU

Sehemu iliyohitaji akili nyingi zaidi ni gurudumu. Magari ya mwanzo yalikuwa na spoki nne, lakini tangu katikati ya zama za nasaba ya 18 spoki sita zikawa ndio kawaida. Gurudumu lenyewe lilikuwa na kipenyo cha sentimeta 90 hivi. Mtu angedhani kwamba fundi alichonga vijiti sita na kuvichomeka katika kitovu. Sivyo alivyofanya. Alichukua fito sita, akapinda kila moja kwa joto hata ikapata umbo la herufi V. Pembe ya kila V aliielekeza kitovuni. Kisha mguu mmoja wa V akaugandisha kwa gundi kwenye mguu wa V ya jirani, na miguu hiyo miwili ikawa spoki moja. Kwa njia hii kila spoki ilikuwa nusu mbili zilizoungana, na kila nusu iliendelea bila kukatika mpaka kwenye spoki inayofuata. Mwanafunzi wa jiometri ataona mara moja kwamba pembe ya kila V ilikuwa nyuzi 60, na kwamba fundi aliyekosea hata kidogo katika V ya kwanza asingeweza kulifunga duara kwa V ya sita.

Baada ya hapo viungo vilifungwa kwa ngozi mbichi iliyoloweshwa. Ngozi ilipokauka ilijikaza, kama ngozi ya ngoma inavyojikaza inapoanikwa juani, ikabana mbao kwa nguvu kuliko msumari wowote wa wakati ule. Ngozi hiyo hiyo ilivishwa juu ya duara la nje, gurudumu likawa limevaa kiatu. Kwenye ekseli palipakwa mafuta: mabaki ya mafuta ya ng'ombe au kondoo yalikutwa kwenye ekseli ya gari lililozikwa pamoja na Yuya na mkewe Tjuyu, ambao kaburi lao liligunduliwa mwaka 1905.

Mbao za kazi hii hazikupatikana kwa urahisi. Misri ni nchi ya mitende, mikuyu na migunga. Lakini magari yaliyosalia yana mti uitwao elmu, ambao haumei Misri, na lile lililoko katika jumba la makumbusho la Florence, Italia, limetumia pia ganda la mti wa betula, ambao ni wa nchi za baridi. Vitu hivyo vililetwa kutoka Syria, Anatolia na kwingineko kaskazini. Ni dhahiri basi kwamba Farao aliyetaka kupigana Asia kwa magari alihitaji kwanza kupata miti kutoka huko huko Asia, ama kwa biashara, ama kwa kodi, ama kwa nyara. Jambo hili peke yake linaeleza sehemu kubwa ya siasa ya Misri ya wakati ule.

Jukwaa walilosimama wapiganaji lilikuwa na upana wa meta moja na kina cha nusu meta tu, likiwa wazi kwa nyuma ili mtu aweze kuruka na kupanda haraka. Sakafu yake haikuwa ya mbao. Ilifumwa kwa kanda za ngozi, mithili ya kitanda cha kamba, nayo ilipunguza mitikisiko ya njia mbovu. Ekseli iliwekwa nyuma kabisa, chini ya ukingo wa jukwaa, na magurudumu yakaachana kwa meta 1.7 hivi, yaani karibu mara mbili ya kipenyo cha gurudumu. Upana huo ulilifanya gari lisipinduke kwa wepesi lilipokata kona kwa kasi.

Mwalimu wa fizikia anayefundisha nyenzo anaweza kulitumia gari hili kama mfano. Ikichukuliwa kwamba watu wawili wenye jumla ya kilo 130 wamesimama sentimeta 20 mbele ya ekseli, na kwamba nira iko meta 2.5 kutoka ekseli hiyo, basi mzigo unaoangukia nira ni 130 mara 0.2 gawanya kwa 2.5, yaani kilo 10 hivi, au kilo 5 kwa kila farasi. Kiasi hicho kinatosha kuituliza nira isirukeruke mabegani, wala hakimchoshi mnyama. Kama ekseli ingewekwa katikati, nira ingepanda na kushuka kila mara wapiganaji walipohama mahali pao.

FARASI NA NIRA

Farasi wa Misri walikuwa wadogo, wengi wao wakiwa na kimo cha meta 1.35 hadi 1.45 begani. Walifungwa wawili wawili, kila upande wa mti mrefu wa kukokotea, na juu ya kila mmoja kulikuwa na pandikizi la mbao lenye umbo la V iliyopinduliwa, lililounganisha nira na mabega yake.

Juu ya matandiko hayo pamekuwa na ubishi mkubwa. Mwaka 1931 afisa mstaafu wa jeshi la Ufaransa, Lefebvre des Noëttes, alitoa kitabu ambamo alidai kwamba watu wa kale hawakujua kumfunga farasi ipasavyo, na kwamba ukanda wa shingoni ulimkaba koo mnyama kila alipovuta. Dai hilo lilikubaliwa likarudiwa katika vitabu vingi, hata wengine wakajenga juu yake nadharia nzima za maendeleo ya jamii. Ilibidi Mfaransa mwingine, Jean Spruytte, aliyekuwa mjuzi wa farasi, alijaribu jambo lenyewe kwa vitendo. Alitengeneza gari la Kimisri kwa kufuata vipimo vya mabaki, akaweka nira na vikalio vyake mahali panapostahili, akafunga farasi, akaondoka. Hakuna farasi aliyekabwa. Gari lake lilikuwa na uzito wa kilo 34 hivi, na likiwa na watu wawili lilikwenda kwa mwendo wa karibu kilometa 38 kwa saa. Matokeo hayo, aliyoyachapisha mwaka 1977, yalionyesha kwamba mtangulizi wake alikuwa amechanganya sehemu za mifumo miwili tofauti ya matandiko, kisha akawalaumu wahenga kwa kosa lisilokuwa lao.

Tangu hapo majaribio mengine yamefanywa. Mwaka 2008 wataalamu waliokuwa wakichunguza ngozi za kale walikuta katika makabati ya Jumba la Makumbusho la Kairo vipande vingi vya ngozi nyekundu na kijani: vifuniko vya gari, mfuko wa upinde, na matandiko ya farasi. Kutokana na utafiti huo lilitengenezwa gari jipya, likaendeshwa kwa farasi, na tabia zake zikalingana na zile za gari la Spruytte.

KAZI YA GARI VITANI

Chombo cha kilo 34 hakiwezi kugonga safu ya watu wenye mikuki na kubaki kizima. Farasi mwenyewe hukataa kuuendea ukuta wa vyuma, na gurudumu moja likivunjika wapiganaji wawili wamekuwa watu wa miguu katikati ya adui. Kwa hiyo ni lazima kazi ya gari iwe nyingine, nayo hudhihirika mtu anapotazama silaha zilizobebwa. Pembeni mwa jukwaa palifungwa mfuko wa upinde, na podo la mishale likawa karibu na mkono.

Upinde uliotumika ulikuwa wa tabaka tatu: mti katikati, pembe ya mnyama upande unaomwelekea mpigaji, na kano za mnyama upande wa mbele, vyote vikiwa vimeshikanishwa kwa gundi. Pembe huvumilia kubanwa, na kano huvumilia kuvutwa. Zikiunganishwa, upinde mfupi unaweza kuweka nguvu nyingi kuliko upinde mrefu wa mti peke yake. Ufupi huo ulikuwa na faida kubwa kwa mtu aliyesimama mahali pa upana wa meta moja pamoja na mwenzake. Mshale wake ulifika mita 160 na zaidi. Farao Amenhotep II alichongesha, juu ya jiwe lililosimikwa karibu na Sphinx huko Giza, habari kwamba akiwa juu ya gari aliipiga shabaha ya shaba yenye unene wa kiganja hata mshale ukatokea upande wa pili. Mafarao hawakuwa wanyenyekevu, na mwanafizikia hana haja ya kupoteza wino juu ya habari hiyo. Lakini majigambo yenyewe yanaonyesha ustadi gani ulioheshimiwa kuliko wote.

Katika gari la Kimisri walipanda watu wawili. Mmoja aliendesha na kushika ngao. Wa pili alipiga mishale. Nyuma na kandoni walikimbia askari wa miguu waliochaguliwa kwa mbio zao, ambao kazi yao ilikuwa kumlinda aliyeangushwa, kumaliza adui aliyejeruhiwa na kukamata mateka. Magari yalipita mbele ya safu ya adui kwa kasi, yakamwaga mishale, yakageuka kabla ya kufikiwa, yakarudi tena. Safu ilipoanza kutawanyika ndipo yalipokuwa ya hatari zaidi, maana mtu anayekimbia hawezi kumshinda farasi. Kwa maneno mengine, gari lilikuwa jukwaa la mpiga upinde, lenye miguu minane ya farasi chini yake.

MEGIDDO

Ushahidi mzuri wa uwezo na mpaka wa silaha hii ni vita vya Megiddo, huko Kanaani, mnamo mwaka 1457 K.K. Habari zake zilichongwa katika kuta za Karnak kwa amri ya Thutmose III. Wafalme wa Kanaani na Syria, wakiongozwa na mfalme wa Kadesh, walikusanyika Megiddo. Njia za kuufikia mji zilikuwa tatu. Mbili pana na moja, ya Aruna, nyembamba sana. Maofisa walimsihi mfalme asiipite njia ya Aruna, kwa sababu farasi angelazimika kumfuata farasi na mtu kumfuata mtu, hata mstari wa mbele ungekuwa umekwisha kuingia vitani wakati wa nyuma wangali Aruna. Hofu yao ilikuwa ya haki, kwani gari lililobanwa katika bonde halina faida yoyote. Thutmose aliipita njia hiyo hiyo. Adui, aliyekuwa akimngoja kwenye njia pana, hakuwahi kuuziba mlango wa bonde, na jeshi likatoka salama uwandani.

Siku iliyofuata majeshi ya muungano yalivunjika mapema. Walikimbilia mjini, malango yakafungwa, na wengine wakavutwa juu ya ukuta kwa nguo zao. Hapo askari wa Misri, badala ya kuendelea, walianza kukusanya mali iliyoachwa uwanjani. Matokeo yake ni kwamba mji haukutwaliwa siku ile. Ulizingirwa kwa miezi saba. Magari yaliyoshinda uwandani kwa saa chache hayakuwa na la kufanya mbele ya ukuta.

Orodha ya nyara inafaa kuchunguzwa na wanafunzi. Yalitekwa magari 924 na farasi 2,041, bila ya kuhesabu wana-farasi 191. Magari 924 yanahitaji farasi 1,848. Waliosalia ni 193, yaani takriban farasi mmoja wa akiba kwa kila magari matano. Makarani wa Misri, ambao hawakufikiria kwamba siku moja hesabu zao zingefanyiwa kazi darasani, wametuachia kipimo cha jinsi jeshi la magari lilivyojiandaa kwa vifo na majeraha ya wanyama.

KADESH

Miaka 183 hivi baadaye, mnamo 1274 K.K., Ramesses II alikwenda kuutwaa mji wa Kadesh, kando ya Mto Orontes huko Syria, ambao ulikuwa chini ya Wahiti wa Anatolia. Jeshi lake lilikuwa na vikosi vinne, vilivyopewa majina ya miungu Amun, Re, Ptah na Seth. Watu wawili wa kabila la Shasu walimwambia kwamba mfalme wa Wahiti, Muwatalli, angali mbali kaskazini, katika nchi ya Aleppo. Ramesses aliamini, akatangulia na kikosi cha Amun peke yake, akapiga kambi. Ukweli ulijulikana pale wapelelezi wawili wa Wahiti walipokamatwa na kupigwa: Muwatalli alikuwa nyuma ya Kadesh pamoja na jeshi lake lote.

Magari 2,500 ya Wahiti, kwa mujibu wa maandishi ya Misri, yalivuka mto na kukiangukia kikosi cha Re kilichokuwa katika mwendo, bila kujipanga. Kwa kuwa kila gari la Kihiti lilichukua watu watatu, hiyo ni sawa na watu 7,500. Kikosi cha Re kilitawanyika, watoro wake wakaivamia kambi ya mfalme kwa hofu, na Wahiti wakawafuata nyuma. Lilikuwa pigo kamili la aina ambayo magari yaliweza kutoa: kasi, ghafula, na adui asiyejipanga.

Shairi refu lililoandikwa kumsifu Ramesses linasema aliachwa peke yake. Hata hivyo, shairi hilo hilo linamtaja Menna, mshika ngao wake, ambaye moyo ulimwenda mbio alipoona wingi wa maadui. Basi hata katika hadithi ya ushujaa wa mtu mmoja, gari lilikuwa na watu wawili. Kilichomwokoa mfalme ni mambo mawili. Magari ya Wahiti yalipoteza mwendo ndani ya kambi, na gari lisilokwenda ni mbao tu. Kisha kikatokea kikosi kingine cha Misri, kilichoitwa Ne'arin, kilichokuwa kikija kwa njia yake, kikawashambulia Wahiti kutoka nyuma. Magari mengine 1,000 ya Wahiti yaliyotumwa kuwasaidia hayakufua dafu. Wengi walisukumwa mtoni, na katika hekalu la Ramesses huko Thebes kuna picha ya mtawala wa Aleppo akishikwa miguu juu kichwa chini na askari wake ili atapike maji ya Orontes. Ni moja katika picha chache za vita vya kale zinazoweza kumchekesha mtu hata leo.

Ramesses alirudi kwao akajisifu katika kila hekalu kubwa. Kadesh lakini ulibaki mikononi mwa Wahiti. Magari zaidi ya 3,000 yaliyokutana siku ile hayakuamua lolote, na mnamo 1259 K.K. falme hizo mbili zikafanya mkataba wa amani. Nakala ya mkataba huo imetundikwa katika makao makuu ya Umoja wa Mataifa huko New York.

GHARAMA YA WEPESI

Nyuma ya gari moja palikuwa na watu wengi wasioonekana katika picha za kuta: seremala, mshona ngozi, mtengeneza pinde, mlisha farasi, karani wa bohari. Huko Qantir, palipokuwa na mji mkuu wa Ramesses II, wanaakiolojia wa Kijerumani walioanza kuchimba mwaka 1980 wamefukua karakana za magari na mazizi yanayokadiriwa kutosha farasi 460 hivi. Farasi mdogo hula kiasi cha kilo 7 za majani makavu na nafaka kwa siku, kwa hiyo mazizi hayo peke yake yalimeza tani tatu na zaidi kila siku, wakati wa vita na wakati wa amani. Katika karakana hizo zilikutwa pia kalibu za mawe za kutengenezea ngao za mtindo wa Kihiti. Baada ya mkataba, mafundi wa adui wa jana walikuwa wakifanya kazi katika mji wa Farao.

Wafalme walijua thamani ya mali hii. Katika barua za Amarna, ambazo ni za karne ya 14 K.K. na ziligunduliwa mwaka 1887, mfalme anapomwandikia mwenzake humsalimia kwa kumtakia heri yeye, nyumba yake, wake zake, wanawe, farasi wake na magari yake.

Upande wa pili wa habari unapatikana katika madaftari ya shule. Wanafunzi wa ukarani wa wakati wa Ramesses walinakili maandishi yaliyokusudiwa kuwafanya wapende kalamu na kuchukia kazi nyingine. Mojawapo lamwelezea kijana anayejiunga na kikosi cha magari. Ananunua mti wa kukokotea kwa deben 3 na gari kwa deben 5, anatamba nalo, kisha linamshinda, anaanguka katika miiba, na siku ya ukaguzi anachapwa fimbo mia. Bila shaka mwalimu aliyetunga habari hiyo alitia chumvi, kama walimu wanavyofanya wanapotaka jambo lao likubalike, lakini asingeweza kuchekesha wanafunzi kwa jambo wasilolijua. Andiko jingine la shuleni, lililo katika mafunjo yaitwayo Anastasi I, lamkejeli karani anayejidai kuijua Kanaani. Njia ya mlimani imejaa mawe na miiba, farasi wanashtuka, gari linapigwa na kuvunjika. Afikapo Yafa inambidi aingie karakana ambako maseremala na washona ngozi wanalitengeneza upya tangu nira hadi mti wa kukokotea. Wepesi uliolipa gari ushindi uwandani ndio uliolifanya livunjike milimani. Hata nyumbani Misri, ambako mafuriko ya Nile yaligeuza mashamba kuwa ziwa kila mwaka, farasi walisafirishwa kwa mashua, kama picha za makaburini zinavyoonyesha.

KUFIFIA KWA GARI

Tangu mnamo 1200 K.K. falme za mashariki ya Mediterania zilianza kuanguka moja baada ya nyingine. Ufalme wa Wahiti ulikwisha. Ramesses III aliwapiga wavamizi waitwao Watu wa Bahari, na katika kuta za Medinet Habu magari yake yanaonekana yakishinda, lakini baada yake Misri ilipoteza himaya ya Asia, na pamoja nayo miti na farasi wa kaskazini. Mwanahistoria Robert Drews, katika kitabu alichotoa mwaka 1993, alidai kwamba askari wa miguu wenye panga ndefu na mikuki ya kurusha walikuwa wamegundua jinsi ya kuyaangusha magari, na ndio waliozivunja falme hizo. Wataalamu wengi hawakubali kwamba sababu moja inaweza kueleza maangamizi makubwa hivyo. Ukame, njaa na kukatika kwa biashara navyo vina nafasi yao. Lililo wazi ni kwamba kufikia karne ya 9 K.K. Waashuru walikuwa tayari na wapiga upinde waliokaa juu ya migongo ya farasi. Mpanda farasi huyo alipita milimani, alivuka mito, wala hakuhitaji seremala.

Mapenzi ya farasi hayakuisha katika bonde la Nile, yalihamia kusini. Piye, mfalme wa Kushi katika nchi ambayo leo ni Sudan, aliiteka Misri mnamo 728 K.K. Jiwe lake la kumbukumbu, lililogunduliwa Gebel Barkal mwaka 1862, laeleza kwamba alipoingia mji wa Hermopolis uliokuwa umezingirwa alikwenda kuyatazama mazizi, akakuta farasi wamekonda kwa njaa, akamwambia mfalme aliyeshindwa kwamba jambo hilo lilimchukiza kuliko makosa yake mengine yote. Huko El-Kurru, katika makaburi ya Piye na warithi wake, wachimbaji walifukua farasi 24, waliozikwa wakiwa wamesimama na kupambwa shanga, wakiwa wamegawanywa katika makundi ya wanne na wanane, kwa kadiri ya magari waliyokusudiwa kuyavuta. Na Waashuru, walioutwaa mji wa Memphis mwaka 671 K.K., waliwaorodhesha farasi wa Kushi peke yao katika hesabu zao za mazizi, wakawaweka kwa ajili ya magari.